Uzi Usiosema Pole

Daktari Mbonea Kajiru hakuwapenda wagonjwa wake, na tangu awekewe uzi hakuona tena sababu ya kulificha jambo hilo.

"Usitikisike," alimwambia mwanamke aliyelala kifudifudi mezani. "Ukitikisika nitakosea, na nikikosea utaniletea ukoo mzima kuja kulia hapa ukumbini."

Mwanamke huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule kutoka Mwanga, kiuno kimemla miaka na miaka. Alikuwa macho. Kazi hii hufanywa mgonjwa akiwa macho: ganzi kidogo kisogoni, tundu la sindano ambalo hata mwiba wa mchongoma ungelidharau, basi. Juu ya meza, picha ya shingo yake ilielea hewani, mifupa ya buluu na mishipa ya fahamu ya manjano, na ndani ya picha hiyo sindano ya Mbonea ilisogea polepole hadi mahali pake. Uzi ukatoka kwenye ncha. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Ukainua kichwa, ukapapasa huku na huku, kisha ukaanza kupanda wenyewe kuelekea ubongoni.

"Uwii, daktari, kuna kitu kinatembea!"

"Huko hakuna mshipa wa kuhisi kitu kikitembea. Unachosikia ni woga wako."

"Pole, mama," alisema Daktari Ndeshi Kiwelu, aliyesimama ng'ambo ya meza akiongoza picha. "Tunamaliza sasa hivi."

Mbonea alimkata jicho. Katika Kituo cha Utulivu, neno hilo alikuwa amelipiga marufuku ndani ya chumba cha sindano. Pole, alipenda kusema, haijawahi kunyoosha mgongo wa mtu.

Uzi ukafika. Mwanamke akanyamaza ghafla.

"Kiuno kinauma?" aliuliza Mbonea.

"Kinauma," alijibu mwanamke kwa mshangao. Akafikiri. "Lakini hakinihusu."

Ndivyo walivyojibu wote. Akabandikwa plasta ndogo, akashuka mezani kwa miguu yake, akatoka ukumbini ambako mumewe alikuwa amesimama tangu asubuhi bila kukaa. Mume akafungua mikono. Mwanamke akamwangalia juu mpaka chini, akamkabidhi mkoba, akatangulia mlangoni.

Mbonea aliyaona yale kupitia kioo, akafikiri kwamba angalau mtu mmoja leo ameondoka na akili.

Uzi ulikuwa kazi yake ya ujana na fahari ya uzee wake. Waliomtangulia walikuwa wakiuchoma mshipa wa fahamu kwa joto la mawimbi ya redio, ukafa ganzi kwa msimu mmoja, ukaota tena na ukali mpya. Mbonea aliwacheka. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba ndani ya maumivu kuna watu wawili: mmoja analeta taarifa, mwingine anapiga yowe. Wa kwanza tunamhitaji, vinginevyo utakalia jiko la mkaa usijue. Wa pili ni mpumbavu tu, na uzi kazi yake ni kumziba mdomo. Manesi waliwekewa kwanza, wakafuata mahakimu na askari. Serikali ilifurahi mno, kwa kuwa hakuna mwananchi anayependwa na serikali kama yule anayeumia bila kulalamika.

Kisha akawekewa yeye mwenyewe. Miaka thelathini ya kuinama juu ya migongo ya watu ilikuwa imeuvunja wake, na Ndeshi ndiye aliyemchoma sindano. Tangu siku hiyo Mbonea alitembea wima. Kutoka kule juu alikosimama, watu wote walianza kumwonekea kama watoto wanaolilia pipi.

"Mtani," alisema Ndeshi akivua glavu, "yule mama umemkaripia hivyo kwa nini? Au kuku wake alivuka mpaka wa shamba lenu, unatafuta pa kumshitaki?"

Ndeshi alikuwa Mchaga wa Machame na Mbonea Mpare wa Usangi, na tangu wakiwa wanafunzi walikuwa wakitukanana hivyo kila siku ya Mungu. Mpare anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitaki kuku. Mchaga haaminiwi kuwa amekufa mpaka udondoshe sarafu karibu na sikio lake. Siku hizi Ndeshi alirusha mpira, na mpira haukurudi.

"Nina kazi," alisema Mbonea.

Hapo ndipo simu ilipoita na sauti ya dada yake ikatoka ukutani. Nakunda alizungumza akiwa amefunga meno, kwa sababu mshipa wa uso wake ulikuwa mgonjwa, na kufungua kinywa kungeuamsha.

"Mbonea. Mshana amefariki alfajiri hii."

"Ni moyo?"

"Ndiyo, ni moyo. Mbonea, nataka uje na sindano."

"Miaka yote nimekuambia ukakataa."

"Nilikuwa na mume. Sasa nina msiba, na siwezi kumlilia." Akapumzika. "Chozi likigusa shavu, uso wote unawaka. Nimekaa hapa macho makavu, wanawake wananiangalia. Niwekee huo uzi nimlilie mume wangu kama wenzangu."

"Nitakuja nayo," alisema Mbonea, akaridhika kwamba hatimaye dada yake amepevuka. Ndeshi alikuwa amesimama na glavu mkononi, hajazitupa.

*

Gari lilipanda milima ya Usangi lenyewe, likikata kona bila kuuliza mtu. Ndeshi alikaa upande wa pili, sanduku la sindano likiwa katikati yao. Alikuwa anakwenda msibani kama mtani, na mtani haalikwi.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba akiwekewa, hatalia."

"Si ndiyo dawa yenyewe?"

"Yeye anaomba alie bila kuungua. Wewe unampelekea kutolia." Ndeshi akageuka kumtazama. "Mbonea, wodini kwetu nesi alimwambia mama mmoja, mwanao amefariki, tafadhali sogea tupate kitanda. Nesi yule nilimwekea uzi mimi. Kabla ya hapo alikuwa akilia mpaka tunamfukuza nje. Tulidhani ndani ya mtu kuna wapiga yowe wawili, mmoja wa kwake na mmoja wa jirani. Ni yule yule mmoja. Tukimziba mdomo, hamlilii mtu mwingine pia."

"Umekusanya umbea wa wodini unataka niuite sayansi."

"Umbea wenyewe nilianza kuukusanya kwako."

Mbonea akatazama nje. Alimwona ni mwanamke mwenye akili nzuri anayezeeka vibaya.

Nyumbani kwa marehemu watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye migomba. Mzee Mshana alikuwa mwalimu wa kwaya maisha yake yote, na kwaya yenyewe ilikuwa imekaa kwenye majani, imekauka sauti. Nakunda alikaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza pasipo na upepo, kiganja kimeinuliwa karibu na shavu bila kuligusa. Alikuwa akipepesa macho bila kukoma kuyazuia machozi yasishuke. Wanawake wawili nyuma yake walinong'ona kwa sauti ya kusikika, kama wanong'onavyo wanaotaka kusikika, kwamba mjane huyu ana moyo wa jiwe, labda na yeye amewekewa.

Ndipo Ndeshi akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, fimbo mkononi, anachechemea mguu ule ule aliochechemea Mshana.

"Nani amenilaza kabla sijala makande yangu?" alinguruma. "Nyie Wapare! Kumzika mtu na njaa ili mbakize chakula cha kesho! Nitawashitaki!"

Umati ukalipuka kwa kicheko. Ndeshi akaisimamisha kwaya kwa fimbo, akaipigia mwendo usioelekea kokote, akawakemea sauti ya tatu kwa kuimba puani kama alivyowakemea marehemu kila Jumapili. Watu walicheka huku wakijifuta macho. Nakunda mwenyewe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa hadhari, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mabega yake yalishuka.

"Haya, wafiwa!" Ndeshi akamwelekezea Mbonea fimbo. "Shemeji wa marehemu! Nijibu, au makande yote ni yangu!"

Mtani akitukana msibani, mfiwa sharti ajibu. Ndivyo ilivyo, na jibu lilikuwa tayari limeiva. Hata watoto walikuwa wakilingoja lile la sarafu. Utani una sheria moja isiyoandikwa popote: tusi liwe uongo ambao kila mtu anaujua kuwa ni uongo. Anayetukanwa anacheka kwa sababu anajua anapendwa.

Mbonea akasimama wima. Alitafuta kitu cha kusema, akachukua kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kweli.

"Wewe unawafundisha watu kuzika?" alisema. "Mwanao Kiwia alikupigia simu kutoka hospitalini, tumbo linamkata. Ukamwambia asubiri umalize mgonjwa. Akapiga tena, ukaizima simu. Ulipomaliza mgonjwa, na yeye alikuwa amemaliza."

Hakuna aliyecheka. Jambo lile Ndeshi alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, usiku wa msiba wa mwanawe, na mtu huyo alikuwa amelia naye.

Ndeshi alivua kofia. Akavua koti, akalikunja vizuri mikono ndani, akaenda kumwekea Nakunda mapajani.

"Huo si utani, Daktari," alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita Daktari nje ya kazi.

Mbonea alibaki amesimama. Alijua kwamba amekosea, kama mtu anavyojua kuwa amepita kituo. Zaidi ya hapo alishangaa tu kwamba watu wazima wanaweza kuharibika sura hivyo kwa maneno.

"Njoo ndani," Nakunda alimwambia kwa meno yaliyofungwa. "Na sanduku lako. Ndeshi, mama, tafadhali na wewe njoo."

*

Chumba kilikuwa cha marehemu. Nakunda alikaa kitandani, koti bado limo mikononi. Mbonea alifungua sanduku, akapanga vitu vyake juu ya kiti. Ndeshi alisimama mlangoni, akitazama ukuta.

"Ulimlilia Kiwia," Nakunda alimwambia Mbonea. "Mimi nilikuwepo. Ulilia mpaka ukatapika."

"Nakumbuka."

"Unakumbukaje?"

Mbonea alifikiri kwa uaminifu, kwa kuwa uaminifu haukumgharimu chochote. "Kama ninavyokumbuka jina la mtaa."

"Na mimi nikiwekewa, nitamkumbuka Mshana hivyo?"

"Ndiyo."

"Nitamlilia?"

"Hutaona sababu."

Nakunda akainamisha kichwa. Pazia likapeperuka kidogo, upepo mdogo tu wa mlimani, ukampitia shavuni. Akajikunja pale pale. Vidole vyake vilishika ubao wa kitanda, mate yakamtoka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mnyama aliyenaswa mguu. Ndeshi alikuwa tayari amelifikia dirisha analifunga, anasema pole, pole, dada, pole.

Mbonea alijikuta anangoja jambo lile liishe ili waendelee na mazungumzo. Akajiona anangoja. Hakuumia kujiona hivyo, wala hakuona haya. Lakini akili yake, ambayo hakuna uzi ulioigusa, ilikuwa bado ya kwanza darasani, na ilimwambia jambo rahisi: dada yako anakuuliza kama kulia kuna thamani kubwa kuliko maumivu, na wewe ni kipofu anayeulizwa rangi ya kitambaa.

"Ndeshi," alisema. "Nitoe uzi."

Ndeshi hakugeuka. "Umejuta?"

"Sijajuta. Sina cha kujutia nacho. Nimeulizwa swali, na sehemu ya kulijibia nimeifunga. Ni hivyo tu."

"Mgongo utarudi. Hutasimama tena kwenye meza ya sindano, na nyuma yako kuna watu wanakusubiri kuanzia Tanga hadi Arusha."

"Najua. Fanya upesi kabla sijaona kuwa huu ni upuuzi, maana tayari naona ni upuuzi."

Alikaa kwenye kigoda, akainamisha shingo. Kuutoa uzi ni kazi nyepesi kuliko kuuweka: mwisho wake una kishanga kilicholala chini ya ngozi, unakinasa kwa sindano yenye ndoano, unavuta taratibu. Ndeshi angeweza kumtia uchungu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimpaka ganzi, akangoja ishike, akavuta. Mbonea aliona kitu chake cha fahari kikining'inia mbele ya macho yake, kinameremeta, kinatafuta pa kupanda.

Mgongo ulikuja kwanza. Ulimwangusha kutoka kwenye kigoda hadi sakafuni, akapiga kelele kama wale wote aliowahi kuwanyamazisha, "Mama yangu wee!", akakumbatia mguu wa kitanda. Alikuwa amesahau. Alikuwa akiitwa bingwa wa maumivu nchi nzima, na alikuwa amesahau yakoje.

Kisha wakaja watu. Mume wa mshonaji alikuja mikono imefunguliwa, amekabidhiwa mkoba. Mama wa wodini alikuja, yule wa kitanda. Kiwia alikuja na simu yake. Shemeji Mshana alikuja mwisho, mtu mwema aliyemfundisha nota akiwa kijana, na ambaye leo Mbonea alisikia amefariki akauliza tu kama ni moyo. Mbonea aliwaona wote, na alijichukia kwa dharau kubwa kuliko yote aliyowahi kuwarushia watu.

"Ndeshi," alisema pale sakafuni. "Kiwia... lile nililosema..."

"Nyamaza. Hilo sijakusamehe, na leo sikusamehi."

"Usinisamehe."

Ndeshi alikuwa akifunga uzi ndani ya kitambaa. Alimtazama Mbonea, makamasi yanamtiririka, kichwa kimekwama chini ya kitanda.

"Ila unalia vibaya, mtani," alisema hatimaye. "Unalia kama Mpare aliyeshindwa kesi ya kuku."

Kicheko kilimtoka Mbonea kabla hajakijua, kikamchoma mgongo, akalia tena.

"Pole, mdogo wangu," alisema Nakunda kutoka kitandani, kwa meno yaliyofungwa. "Pole sana."

Mbonea aliinua kichwa akamwona dada yake. Alikuwa amemtazama siku nzima bila kumwona: jicho lililovimba kwa kuzuiwa, kiganja kimesimama karibu na shavu, mwanamke mzima aliyejifunza kupumua kwa hadhari ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na mwanamke huyo ndiye aliyekuwa akimpa yeye pole. Hakuweza kuvumilia. Alitambaa hadi kwenye kiti, akaishika sindano, mkono unamcheza.

"Lala, dada. Lala nikuwekee. Siwezi kukuona hivi. Ndeshi, nisaidie, mshike, mkono wangu haufai. Siwezi kukuona hivi!"

Ndeshi hakusogea. Kumbe huyu ndiye mwenye huruma waliyemtafuta, naye kitu cha kwanza alichokitaka kwa huruma yake ni kumtia dada yake uzi.

Nakunda aliitazama sindano. Aliitazama kwa njaa, bila kuficha. Nje, mmoja wa wale wanawake wawili aliuliza kwa nguvu kama mjane ameingia kulala.

"Nautaka," alisema. "Mungu ananiona, nautaka. Siku moja nitakuja kukuomba, na usininyime." Akaisukuma sindano pembeni kwa ncha ya kidole. "Lakini kwanza niache nimlilie mume wangu."

Akaliinua koti, akazika pua kwenye kola palipobaki harufu ya Mshana, akaacha kupepesa macho.

Chozi la kwanza lilishuka. Mbonea aliliona likifika shavuni, akauona mwili wa dada yake ukikaza wote, na akamshika mkono, yeye akiwa magotini na mgongo unamkata vipande. Nakunda alipiga yowe lililopita ukuta, yowe la jina la mumewe, na hakufuta chozi wala hakulizuia la pili.

"Pole," alisema Mbonea. "Pole, dada. Pole."

Nje, wale wanawake wawili walinyamaza. Kisha kwaya ikaanza kulia naye.